Juu ya nini helikopta ya wagonjwa hairuki usiku wa mvua

Ndani ya jimbo la Kivu Kusini kuna vijiji ambako hospitali yenye chumba cha upasuaji iko mbali kuliko nguvu za mgonjwa. Mama anavuja damu baada ya kuzaa, kijana amepigwa risasi, mtoto ameangukiwa na ukuta wa nyumba, na barabara ni matope matupu, madaraja ya miti na mito iliyojaa. Watu wanapanda kilimani kutafuta rezo, wanapiga simu, wanaomba helikopta. Jibu likirudi kwamba marubani hawatoki mpaka asubuhi, hasira inapanda. Huko Shabunda, Mwenga, Kalehe na Idjwi swali ni moja: "Helikopta iko, juu ya nini haikuye?"

Wengine wanafikiri ni dharau, kwamba mtu wa kijijini hana thamani. Wengine wanasema marubani ni wageni, wanaogopa giza kama watoto. Jibu la kweli liko kwenye milima, ziwa, mawingu na mwili wa binadamu. Kulijua kunasaidia kwa kitu kimoja kikubwa: wanaojua mapema kwamba usiku helikopta haitakuja wanaweza kujipanga kabla giza halijaingia.

Kwa miaka mingi, helikopta nyingi zilizobeba majeruhi katika jimbo hili zilikuwa za MONUSCO, mpaka ilipofunga kazi zake Kivu Kusini mwishoni mwa Juni 2024. Mashirika ya misaada nayo hukodi zao. Februari 2025, vita ilipofika Kavumu, ndege za abiria na za misaada zilisimama. Lakini hata ile miaka helikopta zilipokuwa nyingi, usiku wa mvua mara nyingi zilibaki chini.

Mlima ndani ya wingu

Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji ya Ziwa Kivu yako mita 1,460 hivi. Upande wa magharibi, mlima Kahuzi unafika mita 3,308. Helikopta kubwa kama Mi-8, yenye mwendo wa kilomita 220 hivi kwa saa, inatoka ziwani na kuufikia ukuta huo wa milima kwa dakika kumi tu. Mchana wa jua rubani anauona na kuuzunguka. Wingu likiufunika, hakuna alama ya kumwonya kwamba mbele yake kuna jiwe.

Jimbo limekwisha kulipa bei ya jambo hilo. Tarehe 1 Septemba 2008, ndege ndogo ya shirika la Air Serv, iliyokuwa ikisafirisha wafanyakazi wa misaada kutoka Kisangani, iligonga mlima karibu na Bukavu ikijiandaa kutua, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu wote 17 walikufa. Tarehe 9 Machi 2013, helikopta ya Umoja wa Mataifa ilitoka Shabunda kuja Bukavu ikiwa na Warusi wanne, wote wafanyakazi wa ndege. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, helikopta haikufika. Mabaki yake yalipatikana milimani, na hakuna aliyepona.

Safari zote mbili zilikuwa za kawaida, wala hazikuwa za usiku. Marubani walikuwa watu wa kazi hiyo. Ikiwa wingu peke yake linaficha mlima wakati jua bado liko juu, basi wingu pamoja na giza havimwachii rubani kitu cha kushika.

Masikio yanapodanganya

Mtu akisimama gizani nyumbani kwake, bado anajua juu ni wapi na chini ni wapi. Ndani ya sikio kuna vimiminiko vidogo vinavyomwambia. Lakini angani vimiminiko hivyo vinadanganyika. Helikopta ikiinama polepole upande mmoja, baada ya sekunde chache sikio linazoea na kumwambia rubani kwamba amenyooka. Akijaribu kuirekebisha kwa kufuata sikio, anaiinamisha zaidi. Kinachomwokoa ni macho: mstari wa upeo, mwanga wa kijiji, ukingo wa ziwa. Akiingia ndani ya wingu usiku, macho hayana kazi tena.

Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani kilifanya jaribio na watu 20 waliojua kurusha ndege ila hawakuwa wamefundishwa kuruka kwa kutazama vipimo peke yake. Walizuiwa wasione nje, kana kwamba wameingia ndani ya wingu. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege. Kwa wastani iliwachukua sekunde 178, yaani hata dakika tatu hazikutimia. Na ile ilikuwa ndege ya mabawa, ambayo inatulia yenyewe angani kuliko helikopta. Helikopta inataka mikono na miguu ya rubani kila sekunde.

Kuna marubani waliofunzwa kuruka kwa vipimo, na kuna helikopta zenye vyombo vya kuwasaidia. Lakini hata hao wanahitaji njia ya angani iliyopimwa, mitambo ya kuwaongoza, na mahali pa kushukia palipoandaliwa. Kiwanja cha mpira cha kijijini hakina hata kimoja.

Watu huuliza pia juu ya miwani ya kuonea usiku, ile wanayoona kwenye filamu za wanajeshi. Miwani hiyo iko kweli, na imeokoa wengi. Kazi yake ni kukuza mwanga mdogo uliopo, wa mwezi au wa nyota. Mwanga ukikosekana kabisa, kama juu ya msitu mnene usiku usio na mwezi, haina cha kukuza. Haipenyi wingu wala ukungu. Pia inamfanya rubani aone kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na umeme wa radi ukipiga, unamjaza mwanga machoni.

Ziwa, sambaza na delestaji

Ziwa Kivu lina hila zake. Usiku lina giza kubwa la kilomita za mraba 2,700 hivi, na humo wavuvi wa sambaza wanawasha taa zao kuvuta samaki. Kwa mtu aliye ufukweni ni mandhari nzuri. Kwa rubani aliye juu, taa za wavuvi zinaweza kuchanganyika na nyota, asijue anga inaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Akikosea mstari huo, anaweza kuishusha helikopta majini huku akiamini ananyooka.

Kwenye nchi kavu tatizo ni lingine. Taa za mji humsaidia rubani kujua alipo. SNEL ikikata umeme, mtaa mzima unapotea, na kilima chenye nyumba mia kadhaa kinafanana na kilima kitupu. Nyaya za umeme na minara ya simu nayo haionekani. Rubani huuona waya wakati ameshaufikia.

Ajali ya mfano ilitokea Kenya, kwenye ziwa lingine lenye giza. Tarehe 3 Machi 2019, helikopta iliruka usiku kutoka kisiwa cha katikati cha Ziwa Turkana, ikaanguka palepale kisiwani. Rubani Mkenya na Wamarekani wanne walikufa.

Radi za Kabare

Wakaaji wa Bukavu hawahitaji kuambiwa kwamba huku radi ni nyingi. Wachache tu wanajua ni nyingi kiasi gani. Mwaka 2016, wanasayansi walitoa orodha ya mahali palipo na radi nyingi kuliko pengine duniani, baada ya kuchunguza vipimo vya satelaiti vya miaka 16. Namba moja ni Ziwa Maracaibo huko Venezuela. Namba mbili ni Kabare, jirani kabisa na Bukavu, yenye mimweko zaidi ya 200 kwa mwaka kwa kila kilomita ya mraba. Na uwanja wa ndege wa Kavumu uko ndani ya teritwari ya Kabare.

Radi yenyewe ndiyo inayoonekana, lakini marubani wanaogopa zaidi lile wingu linaloizaa. Ndani yake upepo unapanda kwa nguvu upande mmoja na kuporomoka upande mwingine. Upepo ukiporomoka, unasukuma ndege chini kama mkono. Tarehe 4 Aprili 2011, ndege ya Umoja wa Mataifa yenye injini za jeti ilikuwa ikitua Kinshasa wakati wa dhoruba ya namna hiyo. Kati ya watu 33 waliokuwamo, alipona mmoja. Ndege ile ilikuwa kubwa kuliko helikopta yoyote inayobeba wagonjwa, na ilikuwa ikitua kwenye uwanja wa kimataifa.

Mvua huku inaanza Septemba na kwenda mpaka Mei, karibu miezi tisa. Kiangazi nacho kina moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi linaloning'inia hewani. Zaidi ya hayo, nchi hii iko karibu na ikweta: jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza halichelewi. Kila siku ina saa kumi na mbili za usiku.

"Si wapite juu ya mawingu?"

Hili ni wazo la busara, na jibu lake linahusu hewa. Kwa rubani asiyeona nje, sheria za anga zinataka awe angalau mita 600 juu ya kilele kirefu cha eneo la milima. Kupita salama juu ya Kahuzi, basi, ni kufika karibu mita 3,900. Huko hewa ni chini kidogo ya theluthi mbili ya ile ya pwani. Rubani mwenyewe, akikaa juu ya mita 3,000 hivi kwa zaidi ya nusu saa, anapaswa kuvuta oksijeni ili akili yake isichoke.

Sasa fikiria mgonjwa. Mama aliyepoteza damu nyingi hana tena damu ya kutosha kubeba oksijeni. Mtu aliyeumia kichwa au kifua anaihitaji kuliko mtu mzima wa afya. Helikopta haina hewa iliyofungiwa ndani kama ndege kubwa ya abiria. Kumpandisha mgonjwa huyo bila oksijeni ya kutosha ni kumuumiza mara ya pili. Na mawingu ya dhoruba za huku yanapanda juu mno kuliko helikopta yoyote.

Huruma nayo inaweza kuua

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwenye ramani, nayo ni moyo wa rubani. Akiambiwa "mtoto wa miaka mitatu anakufa", anaanza kuona upenyo kwenye wingu mahali ambapo hakuna upenyo. Angeambiwa ni gunia la mahindi, asingeondoka.

Marekani, nchi yenye helikopta nyingi za hospitali, ilijifunza hili kwa machozi. Usiku wa tarehe 27 Septemba 2008, karibu saa sita, helikopta ya polisi ya jimbo la Maryland iliyobeba majeruhi wawili wa ajali ya gari ilianguka kwenye ukungu. Kati ya watu watano alipona mmoja. Tarehe 30 Machi 2013, huko Alaska, helikopta ya polisi ilitoka usiku kumchukua mtu aliyekwama kwenye theluji. Ilimpata, ikamchukua, kisha hali ya hewa ikaizingira. Walikufa wote watatu: rubani, askari, na yule aliyekuwa amekwisha kuokolewa. Wachunguzi walisema rubani aliendelea na safari hali ikiharibika, na kwamba ofisi yake haikuwa na utaratibu mzuri wa kuzuia hilo.

Kutokana na ajali za namna hiyo, mwaka 2014 mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa sheria mpya. Helikopta za wagonjwa zilitakiwa kuwa na chombo kinachomwonya rubani akikaribia mlima au kizuizi kingine. Marubani walitakiwa kufunzwa kuruka kwa vipimo. Na kabla ya kila safari, hatari zinapimwa kwenye karatasi.

Kampuni nyingi zimeongeza desturi mbili. Ya kwanza, rubani haambiwi habari za mgonjwa kabla ya kuamua. Anaambiwa tu: kutoka hapa mpaka pale, saa fulani, hali ya hewa hii. Ya pili, kila mtu ndani ya helikopta ana haki ya kukataa. Rubani, muuguzi na daktari wakikubali wote, wanaruka. Mmoja akisema hapana, safari imekufa, na hakuna anayemuuliza kwa nini ameogopa.

Kwa hiyo rubani anayebaki chini anafanya hesabu ya watu wote: mgonjwa mmoja, rubani wawili, fundi, muuguzi, na wagonjwa wa kesho ambao hawatakuwa na helikopta ikiwa hii itabaki mlimani.

Lakini mgonjwa hangoji

Hesabu hiyo ni ya kweli, ila haimfariji baba aliyeshika mkono wa mke wake saa nane za usiku. Tena usiku ambao watu wanaihitaji helikopta zaidi, mara nyingi ndio usiku ambao haiwezi kuruka. Tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko Bushushu na Nyamukubi, teritwari ya Kalehe. Zaidi ya watu 400 walikufa. Mvua iliyojeruhi watu ndiyo hiyohiyo iliyoharibu barabara na kufunga anga.

Huko Sange, kwenye bonde la Ruzizi, lori la mafuta lilipinduka jioni ya tarehe 2 Julai 2010 na kuwaka moto. Zaidi ya watu 230 walikufa. Siku iliyofuata, helikopta za Umoja wa Mataifa zilibeba majeruhi. Kati ya moto na helikopta palikuwa na usiku mzima.

Usiku huo wa katikati ndio unaopaswa kujadiliwa. Mtu akiulizwa kama helikopta iruke usiku wa mvua au isiruke, jibu linajulikana. Swali linalobaki ni hili: kijiji, kituo cha afya na zoni ya afya wamejiandaa vipi kumfikisha mgonjwa asubuhi akiwa hai?

Saa ya uamuzi ni mchana

Hesabu rahisi inaonyesha mengi. Kutoka Kavumu mpaka Shabunda, kwa mstari wa ndege, ni kilomita 160 na kitu. Helikopta inatumia dakika 45 hadi 50 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Kumpakia mgonjwa, kumfunga vizuri na kumwekea dawa ya mshipani kunachukua nusu saa. Jumla ni saa mbili na zaidi. Ili iwe imetua kabla ya jua kuzama, lazima itoke Kavumu karibu saa tisa mchana. Na kabla ya kutoka kuna ruhusa, mafuta, hali ya hewa na karatasi. Ombi linalofika saa nane mchana limekwisha kuchelewa kidogo. Linalofika saa kumi na moja ni ombi la kesho.

Hii ina maana kwamba muuguzi wa kituo cha afya anapaswa kufanya uamuzi asubuhi. Mama ambaye uchungu umeanza jana na mtoto hashuki, asingojwe mpaka jioni kuona kama Mungu atasaidia. Mtu mwenye jeraha la tumbo, hata akizungumza vizuri saa nne asubuhi, aombewe usafiri saa nne hiyo. Familia nazo zinachelewesha: zinangoja mjomba afike, zinahesabu franga, zinapita kwanza kwa mganga wa miti. Kila saa inayopotea mchana inasukuma safari ndani ya giza.

Kwa wanawake wenye mimba ya hatari, njia nzuri zaidi ni kutongoja kabisa: mama ahamie karibu na hospitali wiki chache kabla ya siku zake. Hospitali zenye nyumba ya kuwapokea akina mama hao hazihitaji helikopta kwa ajili yao.

Kumshikilia mpaka kupambazuke

Kazi ya pili ni ya usiku wenyewe. Chukua mfano wa damu baada ya kuzaa, ambayo ni kati ya vitu vinavyoua akina mama wengi. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa kwenye hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga walitumia karatasi ya plastiki yenye mfuko na alama za kupimia damu, ili wasikadirie kwa macho. Damu ikifika alama ya hatari, walifanya mambo yote kwa mara moja: kukanda tumbo la uzazi, oksitosini, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipani, kisha kuchunguza chanzo. Akina mama waliofikia hatua mbaya ya kuvuja damu walipungua kwa asilimia 60.

Hakuna mtambo hapo. Kuna plastiki, dawa zinazojulikana, na mikono iliyofundishwa. Vitu hivyo vinaweza kufika hata kwenye kituo cha afya cha mwisho wa barabara, vikipelekwa kabla ya mvua. Ndivyo ilivyo kwa sulfati ya magnesi kwa mama mwenye kifafa cha mimba, na kwa damu salama ya kuongezea mgonjwa. Zoni ya afya yenye damu kwenye friji inayofanya kazi imeokoa safari nyingi za usiku.

Na onyo moja: kukosa helikopta kusiwe sababu ya kuhamisha hatari kutoka angani kwenda majini. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu walikufa. Ilikuwa mchana, watu wakitazama kutoka ufukweni. Kumtia mgonjwa ndani ya mtumbwi usiku, upepo ukivuma, bila koti la kuokolea, ni kurudia kosa ambalo rubani amelikataa. Hata tipoyi kwenye njia ya matope inahitaji mtu wa kuuliza kwanza: je, atafika, au apumzike hapa akitibiwa mpaka kupambazuke? Wahenga walisema kawia ufike.

Kazi ya kijiji

Helikopta ikikubali kuja asubuhi, kijiji kina kazi yake. Kwanza ni habari ya hali ya hewa. Rubani aliye Kavumu hajui ukungu ulivyo Mwenga. Muuguzi au mtu wa RECO anaweza kumsaidia kwa maneno ya kawaida: kilele cha mlima fulani kinaonekana au kimefunikwa? Mvua imesimama saa ngapi? Upepo unatoka upande gani? Asiseme "hali ni nzuri" ili tu helikopta ije. Uongo huo wa huruma unaweza kuua watu watano.

Pili ni mahali pa kutulia. Kiwanja cha mpira kinafaa, kikiwa tambarare, mbali na nyaya na miti mirefu. Mifuko, nguo zilizoanikwa na manjanja yasiyopigiliwa viondolewe, kwa maana upepo wa helikopta unavirusha kama visu. Mbuzi wafungwe. Watoto na wenye simu za kupiga picha wakae mbali, upande mmoja tu, ambapo rubani anawaona.

Tatu ni wakati wa kuisogelea. Hakuna anayekwenda mpaka mtu wa ndani ya helikopta aite kwa mkono. Watu wanapita mbele au ubavuni, wakiinama. Nyuma hakupitwi kamwe: panga dogo la mkiani linazunguka kwa kasi mpaka halionekani. Na kukiwa na giza kidogo, tochi zimulike chini, si machoni mwa rubani.

Mambo haya yanaweza kuzungumzwa kwenye mkutano wa CODESA siku yoyote ya jua. Wakaaji wana haki ya kuuliza mganga mkuu wa zoni yao ya afya maswali manne. Kituo chetu kina dawa za kuzuia damu na maji ya mshipani kwa usiku mmoja? Damu ya kuongezea iko wapi, na friji yake inapata umeme kutoka wapi? Nani ana namba ya kuombea helikopta, na mwisho wa kuomba ni saa ngapi? Kiwanja cha kutulia ni kipi, na nani ana jukumu la kukitayarisha?

Zoni ambayo ina majibu manne ya maswali hayo bado itapoteza wagonjwa wengine. Zoni ambayo haina hata moja itaendelea kutazama angani usiku wa mvua, ikingoja mlio ambao hautakuja.